Kilango cha Hari na Baridi: Kutoka Hamriya Mpaka Buhaya

Makala haya yalianza kwa kosa letu wenyewe. Mwezi wa Mei mwaka jana watatu kati yetu tulikuwa Hamriya, Maskati, nyumbani kwa bibi wa mmoja wetu. Hamriya ni mtaa wa upande wa Ruwi, wa majengo ya ghorofa yaliyokaribiana, maduka madogo, mikahawa na vibanda vya mafundi. Jioni watu wanapotoka kazini utasikia Kibengali, Kihindi, Kiurdu na Kiarabu kabla hujafika kona ya pili, na nyuma ya milango michache, kama ule wa bibi, utasikia Kiswahili.

Mmoja wetu (hatumtaji, anajijua) alichukua rimoti ya kiyoyozi akabonyeza alama ya jua, kwa kutaka kujua tu. Chombo kikalia "tak", kikapumua kwa nguvu, kikaanza kutoa hewa ya moto. Tulipobonyeza alama ya theluji, hewa iliendelea kuwa ya moto. Tukazima, tukawasha, tukasoma dua. Hewa ile ile. Nje joto lilikuwa limepita nyuzi 40.

Bibi hakutugombeza. Alisema tu, "Miaka yote mashine hii iko hapa, sijapata kuitaka inipe moto. Maskati mtu anunue moto?" Kiyoyozi kile alipewa na jamaa yake aliyekuwa akikaa Saiq, juu ya Jabal Akhdar, ambako usiku wa Januari maji huganda. Kule juu mashine ya kupoza na kupasha ilikuwa na maana. Huku chini nusu ya kazi yake ililala, mpaka sisi tulipoiamsha.

Fundi na mabomba manne

Fundi aliyekuja alikuwa kijana wa Kibangladeshi, pengine umri kama wetu. Hakuwa na Kiswahili wala sisi hatukuwa na Kibengali, na Kiarabu chetu sote kilikuwa cha kuungaunga. Alipanda juu ya paa, akafungua kisanduku cha nje, akashika bomba moja kwa vidole, akasema "harr". Akashika la pili, "harr". La tatu akalishika kidogo, akatikisa kichwa, "hada lazim barid". Bibi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitutafsiria bila kufikiri: "Bomba hili lina hari, na lilitakiwa liwe baridi."

Hapo ndipo tulipogundua kwamba tafsiri haikuhitajika. *Hari* na *baridi* ni maneno yetu, yalivuka bahari zamani, na fundi na bibi walikuwa wakielewana kwa maneno yale yale kila mmoja kwa matamshi yake.

Kilichoharibika ni kipande cha shaba kisichozidi urefu wa kiganja. Mafundi huita valvu, na vitabu vya shule huandika vali. Hii ni valvu ya kugeuza njia, na kazi yake ni rahisi kueleza. Kompresa ya kiyoyozi hukandamiza gesi, nayo hutoka ikiwa ya moto. Gesi hiyo hupelekwa kwenye koili ya nje, humwaga joto lake hewani na kuwa kimiminika. Kisha hupita kwenye njia nyembamba, shinikizo lake hushuka, na ndani ya koili ya chumbani hugeuka tena kuwa gesi, ikinyonya joto la chumba. Halafu hurudi kwenye kompresa ikiwa ya baridi. Ukitaka mashine hiyo hiyo ipashe chumba, huna haja ya kugeuza kompresa. Badilisha njia tu: gesi ya moto iende ndani kwanza, ya baridi irudi kutoka nje.

Valvu ile ina mabomba manne. Moja liko peke yake upande mmoja, nalo hupokea gesi ya moto kutoka kwenye kompresa. Matatu yamepangana upande wa pili: la katikati hurudisha gesi ya baridi kwenye kompresa siku zote, na ya pembeni huenda kwenye koili mbili. Ndani yake mna kipande kinachoteleza, ambacho wakati wowote hufunika bomba la katikati pamoja na la pembeni moja. Kikisogea, njia zimebadilishana. Kilichotushangaza ni kwamba umeme hauna nguvu ya kukisukuma kipande hicho. Umeme hufungua kijinjia kidogo pembeni tu, na shinikizo la gesi yenyewe ndilo linalofanya kazi nzito. Ya bibi ilikuwa imekwama upande wa moto. Fundi aliigonga kwa mpini wa bisibisi, akajaribu tena, haikusogea. Basi akatoa gesi, akaikata, akalehemu mabomba moja kwa moja ili mashine ipoze tu. Kile kipande cha shaba akampa bibi, bibi akatupa sisi: "Chukueni, mkawaoneshe wenzenu."

Ndiyo hiyo iliyowekwa juu ya kabati la vitabu katika chumba cha chama chetu. Wengi wameuliza ni kitu gani. Hili ndilo jibu, lakini sehemu yake ndogo tu.

Deni tulilokuwa nalo darasani

Sehemu iliyobaki inahusu jambo linalotuudhi tangu muhula wa kwanza. Katika darasa la historia mmoja wetu alisimama akasema kwamba Wahaya wa Tanzania walitengeneza chuma cha pua miaka 2,000 iliyopita kwa njia ambayo Wazungu waliivumbua karne ya 19 tu. Wengi wetu tumekua tukiisikia habari hii, kwenye meza ya chakula na kwenye simu za wazazi wetu. Mhadhiri hakukataa wala hakukubali. Aliuliza maswali mawili: "Njia gani hasa? Na umejuaje?" Mwenzetu hakuwa na jibu. Alikaa chini, na sisi tuliobaki tulikaa kimya naye.

Sisi tuliolelewa ng'ambo tuna tabia hii. Tunashika habari nzuri ya kwetu kama mtu anavyoshika picha ya familia: tunaionesha, lakini hatujui nani kasimama wapi. Tuliporudi kutoka Hamriya na kipande kile cha shaba ndipo tulipoona kwamba swali la kwanza la mhadhiri lilikuwa swali la valvu.

Tanuri la Siemens

Tuanze na Ulaya, maana ndiko upande wa pili wa mlinganisho ulipo. Mwaka 1816 Robert Stirling, mchungaji wa Uskochi, alipata hataza ya mashine iliyohifadhi joto la hewa inayotoka ili lipashe hewa inayoingia. Mwaka 1828 James Beaumont Neilson, naye wa Uskochi, alipata hataza ya kupuliza hewa iliyopashwa moto ndani ya tanuri la chuma badala ya hewa ya baridi. Mkaa uliotumika ulipungua sana.

Kisha wakaja ndugu wa Siemens, Wajerumani waliofanya kazi Uingereza. Friedrich Siemens alipata hataza yake mwaka 1856. Wazo lilikuwa hili: moshi wa tanuri hutoka na joto jingi linalopotea bure kwenye bomba la moshi. Basi upitishwe kwanza katika chumba kilichojaa matofali yaliyopangwa kwa kuachana nafasi. Matofali yakishapata moto, geuza njia: sasa hewa ya baridi ipite katika matofali hayo hayo, ichukue joto lao, iingie tanurini ikiwa tayari ya moto. Wakati huo moshi unapasha chumba cha upande wa pili. Baada ya muda, geuza tena.

Bila kilango cha kugeuza, tanuri hilo halifanyi kazi. Lilikuwa na bamba la chuma ndani ya makutano ya njia nne, na mfanyakazi alivuta wenzo kila baada ya dakika 20 au 30 hivi, mchana na usiku. Ukitazama mchoro wake kando ya valvu ya Hamriya utaona ni ndugu: njia nne, kipande kimoja katikati, na kila kikigeuka, moto na baridi vinabadilishana nafasi. Mwaka 1857 Edward Alfred Cowper alitumia wazo hilo hilo kwa tanuri refu la kuyeyushia chuma, akiweka majiko ya matofali yanayopokezana: moja linapuliza wakati mengine yanapashwa. Na mwaka 1865, huko Ufaransa, Pierre-Émile Martin alitumia tanuri la aina ya Siemens kutengeneza chuma cha pua. Kwa miongo mingi baada ya hapo sehemu kubwa ya chuma cha pua duniani ilipikwa katika matanuri ya namna hiyo.

Basi mtu anaposema "njia ya Wazungu ya karne ya 19", maana yake ni hii: kupasha hewa kabla haijakutana na mkaa.

Tanuri la Buhaya

Sasa twende magharibi ya Ziwa Viktoria. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt alifika Buhaya, katika mkoa unaoitwa leo Kagera. Wazee walimwelekeza Katuruka, karibu na Bukoba, kwenye makao ya zamani ya mfalme Rugomora Mahe. Masimulizi yao yalisema kwamba mfalme huyo alitaka kujenga mnara wa chuma ufike mbinguni. Mahali penyewe paliitwa Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma. Walipochimba walikuta mabaki ya kazi ya chuma ya zamani sana, ya karne nyingi kabla ya mfalme mwenyewe. Kumbukumbu ya midomo ilikuwa imelinda mahali ambapo hapakuwa na maandishi yoyote. Nukta hii tunaiomba isisahaulike, hata tukifika kwenye mabishano.

Mwaka 1976 Schmidt na Donald Avery, mtaalamu wa metali, waliwaomba wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani wajenge tanuri tena. Kazi hiyo ilikuwa imekoma kwa miongo kadhaa, kwa sababu chuma cha kununua kutoka nje kilikuwa rahisi zaidi. Wazee walichimba shimo, wakalijaza matete ya bwawani yaliyochomwa nusu, wakasimamisha juu yake tanuri lenye umbo la pia, kimo cha mita moja na nusu hivi, kwa udongo na mabonge ya takachuma. Chini waliingiza mabomba manane ya udongo, kila moja likiwa na mvukuto wake wa ngozi ya mbuzi kwa nje. Joto lililopimwa ndani lilipita nyuzi 1,800. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwezi wa Septemba 1978, na magazeti yakaipeleka habari dunia nzima. Mwaka 1988 ikatoka filamu iitwayo The Tree of Iron.

Hoja ya Avery na Schmidt ilikuwa katika yale mabomba ya udongo. Hayakuishia ukutani. Yaliingia ndani kabisa ya tanuri, yakazungukwa na mkaa unaowaka. Hewa ya mvukuto ilipopita ndani yake ilipata joto la udongo kabla ya kufika kwenye moto. Kwa maneno yao, hewa ilipashwa kabla, na mabaki ya kale yalionesha kwamba watu wa huko walifanya hivyo miaka 1,500 mpaka 2,000 iliyopita.

Kilango kiko wapi?

Hapa ndipo shaba ya Hamriya ilipotusaidia. Tuliuliza: katika tanuri la Buhaya, nani anageuza njia? Jibu ni kwamba hakuna. Wala hahitajiki. Katika tanuri la Siemens, moshi wa moto na hewa ya baridi hutumia chumba kimoja kwa zamu, ndiyo maana lazima pawe na mlango wa kuwapisha. Katika tanuri la Kihaya, moto uko nje ya bomba na hewa iko ndani yake kwa wakati mmoja, na joto hupita katika ukuta wa udongo. Hizi ni njia mbili tofauti za kufikia shabaha inayofanana, na wahandisi wa leo hutumia zote mbili.

Mvukuto una kilango, lakini cha aina nyingine. Katika mivukuto ya mifuko ya ngozi, mdomo wa mfuko una vijiti viwili: fundi hufungua mkono anapoinua ili hewa iingie, hufumba anaposhindilia ili isirudi. Mkono wake ndio valvu. Katika mivukuto ya chungu kilichofunikwa ngozi, mara nyingi huachwa nafasi ndogo kati ya mdomo wa mvukuto na bomba la udongo: ngozi ikiinuliwa, hewa ya baridi huvutwa kupitia nafasi ile badala ya kunyonya moto kutoka tanurini, na ikishushwa, hewa huruka mbele kuingia bombani. Hakuna kipande kinachosogea, lakini moto na baridi vimetenganishwa. Mvukuto usiofanya hivyo ungeunguza ngozi yake mwenyewe siku ya kwanza.

Kwa hiyo sentensi ya mwenzetu darasani ilikuwa na kosa katika maneno "njia ile ile". Wahaya hawakuwa na tanuri la Siemens kabla ya Siemens. Walikuwa na tanuri lao.

Je, hewa yao ilipashwa kiasi gani? Hapo wataalamu walibishana. Mwaka 1986 J. E. Rehder, mtaalamu wa metali wa Kanada, aliandika kupinga: aliona kwamba hewa inayopita haraka ndani ya bomba la udongo haipati joto la kutosha kuleta tofauti kubwa, na kwamba moto wa mkaa unaopulizwa vizuri unaweza kufika juu bila msaada huo. Avery na Schmidt walimjibu. Sisi si wahandisi, na hatutajifanya waamuzi. Lakini tumesoma pande zote mbili, na tunachoweza kusema ni hiki: ubishi ni juu ya kiasi na sababu ya joto. Hakuna katika ubishi huo aliyekana kwamba wazee wale walipata chuma, kwa udongo, matete na ngozi za mbuzi, baada ya miongo ya kutoifanya kazi hiyo.

Mhadhiri akituuliza tena "Njia gani hasa? Na umejuaje?", sasa tunalo la kumwambia. Na tunakiri kwamba habari hii iliyopunguzwa inatufurahisha kuliko ile tuliyokuwa tukiitamba. Ile ya kwanza iliwafanya Wahaya wawe muhimu kwa sababu walifanana na Wajerumani. Hii ya pili haiwahitaji Wajerumani.

Kurudi Hamriya

Oman nayo haikuwa mgeni wa mivukuto. Maandishi ya Wasumeri ya zaidi ya miaka 4,000 iliyopita yanataja shaba ya Magan, nchi ambayo wataalamu wengi huiweka Oman ya leo. Milima ya nyuma ya Sohar ina marundo ya takashaba ya enzi mbalimbali, na mwaka 1983 kiwanda cha kuyeyushia shaba kilifunguliwa Sohar. Upande wa pili wa bahari, al-Idrisi aliandika katika karne ya 12 juu ya chuma cha pwani ya Zanj kilichopelekwa India. Shaba na chuma vilikuwa vikipishana katika bahari hii kabla bibi zetu hawajaivuka.

Bibi yetu wa Hamriya aliivuka kwa ndege. Aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, akakaa kwanza kwingine, na mwaka 1972, Sultani Qaboos alipokuwa amewafungulia mlango Waomani wa ng'ambo, alitua Bait al-Falaj, uwanja mdogo wa Ruwi uliotumika kabla ya ule wa Seeb kufunguliwa mwaka 1973. Anasimulia kwamba miezi ya joto walilala juu ya paa, wakijifunika shuka zilizochovywa maji. "Usiku tulikuwa tukiomba upepo kama watu wanavyoomba mvua." Wajukuu hucheka. Hatukucheka tena tuliposoma kwamba mwezi wa Juni 2018 huko Quriyat, katika mkoa huo huo wa Maskati, siku nzima, usiku pamoja, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Usiku kama huo shuka ya maji haitoshi, na kipande cha shaba kilichokwama si jambo la mzaha kwa mtu wa miaka themanini.

Kwa hiyo tunamaliza kwa yule fundi. Hatukumwuliza jina lake mpaka alipokuwa akishuka ngazi, na hatutaliandika hapa. Alitengeneza kwa saa mbili kitu ambacho sisi tulikiharibu kwa sekunde moja. Alijua kwa vidole kile tulichohitaji wiki mbili na vitabu sita kukielewa. Wazee wa Buhaya walipata bahati kwamba mtu aliwauliza kabla hawajaondoka. Mafundi wa Hamriya, na wazee wetu waliofunga mashine za kwanza katika nyumba za Ruwi, wengi hawajaulizwa.

Chama kimekubali kwamba likizo ijayo kila mwanachama anayekwenda nyumbani, iwe Maskati, Unguja, Mombasa au Bukoba, amwulize mtu mmoja wa familia yake juu ya chombo kimoja alichokifanyia kazi: kiliitwaje, kilifanyaje kazi, kilipokwama alifanya nini. Andika kwa Kiswahili, kwa maneno yake yeye. Tutayachapa katika toleo lijalo. Na ukifika Hamriya, tafadhali, rimoti iache mezani.